Daraja la Taifa, Kimo cha Goti

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila siwezi kulitaja. Baba Mlezi wa Taifa alitueleza kwamba adui asiyejua jina la nchi hawezi kuipata kwenye ramani. Tangu siku hiyo jina limefungiwa kabatini Ikulu, na sisi kwenye bahasha tunaandika "Hapa Hapa". Barua zinafika. Zinachelewa kidogo, lakini hata zamani zilichelewa, kwa hiyo hatujapoteza kitu.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mimi ni raia mtiifu na sina ugomvi na mtu. Nataka tu kueleza habari za daraja letu, maana mitaani zinaelezwa ovyo na watu wasio na kazi.

Tuanze na reli. Baba Mlezi alisafiri kwenda nchi za mbali kutuombea reli. Shule zilifungwa, tukamsindikiza uwanja wa ndege kwa ngoma na vigelegele. Redio ilisema alijadiliana na wenyeji wake kwa ukali mkubwa, akipiga meza, na kwamba hakukubali kurudi mikono mitupu. Kweli alirudi na reli. Ilikuwa ndani ya maboksi. Aliiona kwenye dirisha la duka la vitu vya watoto, akasimama, akaipenda, wakamfungia. Injini yake ilikuwa kimo cha paka aliyekaa, nyeusi, yenye bomba linalotoa moshi wa kweli, na madirisha ya mabehewa yalikuwa yamechorwa abiria wa kizungu wenye kofia. Gazeti la serikali likaandika kwa herufi kubwa: RELI YAPATIKANA. Na nani angesema haikupatikana?

Reli ilitandikwa kwenye bustani ya Ikulu, ikizunguka mawaridi. Ili isimamiwe ipasavyo, Wizara ya Ujenzi iliunganishwa na Idara ya Bustani, ikawa Wizara ya Madaraja na Maua, chini ya Mheshimiwa Profesa Mgutu. Uprofesa alipewa siku ile ile aliyoapishwa, pamoja na gari.

Siku ya kwanza treni ilitumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia maua. Bendera zilipepea nusu mlingoti nchi nzima. Wazee wawili mtaani kwetu walilia wakidhani kuna watu wamekufa, na hakuna aliyewakataza, kwa sababu kulia siku ya msiba wa taifa si kosa.

Palihitajika daraja. Baba Mlezi alitaka la mawe, kama alilokuwa ameliona kwenye picha juu ya boksi. Wizara ikaleta mawe ya kweli. Yakadidimia kwenye udongo laini wa bustani pamoja na mhandisi aliyekuwa amesimama juu yake. Ndipo akaitwa fundi Mbaruku.

*

Mbaruku alikuwa mwashi. Alijenga nusu ya kuta za mji wetu na akajisifu kwamba amezijenga zote. Mtu ukipita naye njiani alikushika mkono akusimamishe mbele ya ukuta wa watu, akuonyeshe namna tofali lilivyokaa, mpaka mwenye nyumba atoke kuuliza kuna nini. Alikuwa na majivuno, nami nilimpenda hivyo hivyo.

Mkewe alishafariki. Alibaki na mtoto mmoja, Sikudhani, mwalimu wa shule ya msingi Kitopeni, ng'ambo ya mto Ungwere. Zamani mto huo ulikuwa na daraja la mawe lenye matao matatu. Mafuriko yalilichukua, na serikali ikaahidi lingine. Wakati wa kusubiri ahadi, watu wa Kitopeni walitengeneza pantoni yao: mbao zilizofungwa juu ya mapipa, ikivutwa kwa kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Kila kitu chao kiko upande wetu, soko, mahakama, na hospitali.

Hospitali ndiyo iliyokuwa ikimnyima Mbaruku usingizi. Sikudhani alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilimalizikia kwa upasuaji, mtoto akafa, na yeye mwenyewe alinusurika chupuchupu. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mtoto mwingine asithubutu kumzalia nyumbani, kovu litaachia. Na mto Ungwere ukijaa, pantoni haivutiki.

Kwa hiyo Mbaruku alipoitwa Ikulu, kabla hata ya kukaa, alimwambia Profesa Mgutu, "Mheshimiwa, mimi nataka daraja la Ungwere."

"Na ndilo tunaloanza nalo," alisema Waziri, akimshika bega. "Serikali makini haikurupuki, fundi. Inaanza na mfano. Tujengee hili dogo. Likimpendeza Baba Mlezi, kubwa linafuata lenyewe, na wewe ndiwe utakayelisimamia."

Mbaruku alitoka Ikulu amevimba kichwa. Alisimama kwenye genge la kahawa akatuambia tuanze kumwita Mhandisi.

*

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi vile. Alikataa mawe, akachagua matofali mepesi, yale meupe yenye vitundu tele ndani kama mkate wa kumimina, ambayo mafundi huyatumia kugawia vyumba vya ofisi. Ukilikata kwa msumeno wa mbao linakubali. Alichonga matao matatu akiyaegemeza kwenye ubao aliokunja. Kwa ncha ya bisibisi akachora jiwe moja moja, kila mwanya, kila kona iliyomeguka, kisha akasugua kwa brashi ya waya mpaka uso ukakwaruzika ukawa wa mawe yaliyopigwa na mvua za miaka. Akapaka uji wa saruji na masizi. Akalikinga na maji kwa rangi isiyo na mng'ao, maana tofali lile lina kiu, likilowa linakufa. Mwisho akalipaka maziwa ya mgando kwenye vivuli, akaliacha mpaka likaota ukungu wa kijani.

Na hakujenga daraja lolote tu. Alijenga lile la Ungwere, lililochukuliwa na mafuriko, kama alivyolikumbuka: nguzo ya kati iliyoinama kidogo, ukingo uliogongwa na lori la chumvi, hata kibao cha mwaka lilipojengwa. Alitaka Baba Mlezi akitazama treni yake ikipita aukumbuke mto wenyewe. Lilikuwa ombi, ila aliliandika kwa msumeno. Lilipokamilika, lilimfika gotini.

Hapa sina budi kumweleza mgeni desturi yetu moja. Kwetu kitu hakihesabiwi kuwa kipo kwa sababu kimejengwa. Kinakuwepo kikikatiwa utepe. Tunazo zahanati zilizokatiwa utepe ambazo wagonjwa wanaingia na kutoka kwenye taarifa bila shida yoyote. Na kitu kikishakatiwa utepe, sheria inakataza kukijenga tena, maana hiyo ni kurudia kazi.

Basi ukaletwa utepe mwembamba, kiasi cha kufungia nywele za mtoto, na mkasi wa dhahabu. Baba Mlezi alipiga magoti, akakata. Kamera za televisheni zilikuwepo. Mpiga picha alisimama wima, na kwenye kioo kidogo cha kamera yake daraja likaonekana kama sanduku lililosahauliwa kwenye maua.

Mbaruku hakustahimili. "Shusha kamera, kijana!" alifoka. "Lala chini kabisa. Hivyo huoni mawe. Mimi sikuchonga yale mawe yaangaliwe na kunguru!"

Mpiga picha akalala kifudifudi. Injini ikaja ikitoa moshi, ikapita juu ya matao matatu, na mawaridi nyuma yake yakawa msitu. Usiku ule taifa zima liliona daraja la Ungwere limerudi. Watu walilitambua kwa ile nguzo iliyoinama. Majirani wakapigiana simu. Na msomaji wa habari, ambaye hakuwa na sababu ya kusema vinginevyo, alisema, "Daraja la Ungwere limefunguliwa."

*

Asubuhi yake Wizara ilitoa tamko. Kwa kuwa mto Ungwere sasa una daraja, kuuvuka kwa chombo kingine chochote ni kulidharau daraja, na anayelidharau daraja amemdharau aliyelikatia utepe. Pantoni ilikamatwa na kufungwa kwa mnyororo kwenye ukingo wa upande wetu. Pipa moja lilichukuliwa na mkuu wa kituo cha polisi kuhifadhia maji ya kuogea. Kamba ilikunjwa ikawekwa ghalani pale pale ukingoni.

Koplo Ngasa alipelekwa mtoni kulilinda daraja. Alipewa kibanda, filimbi na bango la kukataza kupiga picha. Kazi aliifanya kwa moyo. Asubuhi alipiga saluti kuelekea mtoni, akakaa kibandani, na mtu akija kuuliza njia ya Kitopeni alimjibu, "Tumia daraja."

Wananchi watiifu walikwenda, wakasimama ukingoni, wakatazama maji. Wengine waliona haya kwamba wao peke yao hawalioni, wakarudi nyumbani wakisema wamesahau kitu.

Jioni Sikudhani alimpigia baba yake simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hali yako?"

"Miguu imevimba, lakini anacheza vizuri. Baba, nimeona televisheni kwa jirani. Ile kona iliyogongwa na lori la chumvi. Hakuna mwingine anayeikumbuka. Ni kazi yako ile."

"Ni yangu." Mbaruku aliniambia baadaye kwamba hata saa ile sauti yake ilitoka na fahari, na kwamba angeweza kujipiga kofi.

"Ni zuri, baba. Ni zuri mno. Lina ukubwa gani?"

"Linanifika gotini."

Sikudhani akauliza, taratibu, "Sasa mimi nitapita wapi?"

*

Mbaruku alivaa koti lake la sikukuu akaenda wizarani. Profesa Mgutu alimpokea kwa furaha, akaagiza chai, akamwonyesha picha ya daraja iliyokuzwa ikajaza ukuta mzima.

"Mheshimiwa," alisema Mbaruku, "nimekuja kuhusu lile kubwa."

"Lipi?"

"La Ungwere. Ulisema litafuata."

Waziri aliweka kikombe chini. "Fundi, fikiri unachoniomba. Unaniomba nijenge daraja mahali penye daraja. Huo ni ubadhirifu, na serikali hii imekataa ubadhirifu hadharani, mbele ya wageni."

"Basi pantoni ifunguliwe. Binti yangu yu karibu kujifungua, na akijifungulia kule atakufa. Ifunguliwe siku moja tu."

"Nikifungua pantoni nitakuwa nimesema daraja halipo."

"Halipo, mheshimiwa."

"Limeonekana na nchi nzima!" Waziri alisimama, na mimi naamini kwamba machozi aliyokuwa nayo yalikuwa ya kweli, kwa sababu alikuwa mtu wa hisia. "Fundi Mbaruku, wewe ndiwe uliyesema kamera ishushwe. Sisi tulikuwa tumeipiga vizuri tu kutoka juu. Umelipa taifa daraja, na leo unataka kulibomoa kwa mdomo? Mwambie binti yako asiogope. Apite darajani kama wenzake."

Mbaruku alitoka akiwa ameshikilia kofia mkononi. Nilimkuta ameegemea ukuta wa wizara, ukuta alioujenga yeye, na kwa mara ya kwanza hakunionyesha tofali lolote. Alisema, "Nimemchongea mwanangu jeneza." Nilijaribu kumfariji, nikasema labda mto utapungua. Lilikuwa neno la kijinga, na alinitazama kama mtu anayetazama neno la kijinga.

*

Simu ilikuja asubuhi moja, wakati jua limekwisha kupanda. Alikuwa Bi Mwatabu, jirani wa Sikudhani. "Mzee, mwanao ameshikwa na uchungu. Tumemleta mtoni kwa mkokoteni. Tuko ukingoni. Tufanyeje?"

Mbaruku alichukua baiskeli akaenda Ikulu. Alikuwa akiingia mle mara kwa mara kulipaka daraja maziwa, na walinzi walimzoea. Alilichimbua daraja, akalifunga kwa mpira kwenye keria, akatoka nalo.

"Linakwenda wapi?" mlinzi wa geti aliuliza.

"Matengenezo."

Mlinzi hakubisha. Kulikuwa na amri kwamba daraja likipita lisalimiwe, ingawa aliyeitoa hakufikiri kwamba litapita. Alipiga saluti mpaka baiskeli ikakata kona.

Mimi nilikutana naye sokoni, nikamsaidia kusukuma. Watu walijitenga njiani wakitupisha. Wengine walivua kofia. Mama mmoja muuza mboga alilitazama daraja, akamtazama Mbaruku, akashika mdomo. Nadhani yeye alielewa kabla yetu sote.

Mtoni, ng'ambo, tuliwaona wanawake wa Kitopeni wameshika kanga wakimkinga mtu aliyelala. Hatukusikia kilio. Mbaruku alisema hilo ndilo baya, kwamba halii.

Koplo Ngasa alitoka kibandani. "Mzee, hicho ni nini?"

"Daraja la Ungwere."

Ngasa alizunguka baiskeli. Aliliinamia, akagusa kwa kidole ile kona iliyogongwa na lori. "Kumbe ndilo hili," alisema, na sauti yake ilipooza. "Nimelilinda siku zote hizi, sijawahi kuliona." Akaangalia ng'ambo, kwenye zile kanga. Alikuwa na mke, naye. "Sasa mzee, likiwa hapa baiskelini, ina maana limeondolewa mahali pake?"

"Limeondolewa."

"Kwa hiyo kwa sasa nchi haina daraja."

"Haina, afande."

"Amri yangu inasema pantoni ni marufuku penye daraja." Alitoa ufunguo mfukoni. Akaufungua mnyororo. "Harakisheni, kabla halijarudishwa."

Kamba ikatolewa ghalani, na kijana mmoja aliyetufuata kutoka sokoni akaogelea na ncha yake mpaka ng'ambo. Lakini pantoni iliposukumwa majini ililala ubavu, kwa sababu ya lile pipa lililokwenda kumwogesha mkuu wa kituo. Tulisimama tukitazamana. Mbaruku hakutazamana na mtu. Alilishusha daraja kutoka kwenye keria, akaingia nalo majini mpaka kifuani, akalisukuma chini ya mbao mahali pa pipa, akalifunga kwa mpira wa baiskeli. Tofali lile lina hewa nyingi. Pantoni ikanyooka.

Tukavuta. Tukamfuata Sikudhani, tukarudi naye amelala juu ya mbao, uso umekuwa wa rangi ya jivu, na baba yake amesimama majini kando akitembea alipopata kina, akiogelea alipokosa, mkono mmoja haujaachia mbao. Mimi nilikuwa kwenye kamba. Nililia njia nzima na sioni haya kusema.

Walimpasua saa ile ile alipofika. Kovu lilikuwa limeanza kuachia. Mtoto ni wa kike, alipiga kelele hospitali nzima ikasikia, na mama yake akafungua macho kesho yake.

*

Jioni ya siku ile ya pantoni Baba Mlezi aliendesha treni yake, nayo ikatumbukia mferejini. Redio ikatangaza kwamba daraja la Ungwere limeibwa.

Mbaruku alifikishwa mahakamani kwa kosa la kuiba daraja la taifa lenye matao matatu na uwezo wa kupitisha malori. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba mshtakiwa alitenda kosa hilo peke yake, mchana, kwa baiskeli. Hakuna aliyecheka. Kucheka kulikuwa shtaka linalofuata kwenye orodha ya siku hiyo.

"Una la kusema?" hakimu aliuliza.

"Lilikuwa linanifika gotini, mheshimiwa."

Hakimu akaagiza iandikwe kwamba mshtakiwa ni mtu mrefu sana.

Kwa sababu ya nguvu zake za kutisha alifungwa minyororo maalumu na akapewa askari wengi wa kumlinda, yeye mzee mwembamba anayekohoa. Koplo Ngasa alihamishiwa kulinda uwanja mpya wa ndege wa kimataifa, uliofunguliwa mwaka jana. Bado anautafuta. Daraja lenyewe liliendelea kuibeba pantoni kwa siku kadhaa, mpaka rangi ikachubuka, likanywa maji, likamumunyuka. Watu wa Kitopeni wakanunua pipa. Na kwa kuwa daraja limeibwa na taifa lenyewe limetangaziwa hivyo, hakuna sheria inayowazuia kuvuka. Wanavuka kila siku.

Hukumu ilikuwa nyepesi, wote tulikubaliana. Mbaruku atatoka gerezani siku atakapolirudisha daraja kama lilivyokuwa. Mafundi wengine walijaribu, lakini Baba Mlezi aliyasukuma kwa mguu madaraja yao, akasema anataka lile lile, lenye kona iliyogongwa. Kwa hiyo kwenye ua wa gereza kumewekwa matofali mepesi, msumeno, bisibisi, brashi ya waya, saruji. Hata maziwa ya mgando yanaletwa, na askari huyanywa yanapokaribia kuharibika. Utepe umeshanunuliwa, na mnyororo wa pantoni umeshatiwa mafuta.

Juzi nilimsindikiza Sikudhani kumwona. Mtoto alikuwa mgongoni. Mbaruku alikuja kwenye wavu akiburuta minyororo, amekonda, akampa kidole mjukuu, naye akakishika.

"Baba," alisema Sikudhani, "ni kazi ya wiki chache kwako. Jenga utoke. Nakuomba. Kile kikohozi si cha kuchezea."

Mbaruku alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila tukienda, "Kitopeni kuna mwenye mimba?"

Sikudhani hajui kumdanganya baba yake. Alijaribu, niliona midomo ikijaribu.

"Mke mdogo wa mwalimu mkuu," alisema mwishowe. "Na bintiye Bi Mwatabu."

"Na huyo bintiye, ni mtoto wake wa kwanza?"

"Wa kwanza, baba." Alikuwa analia sasa. "Kule hawakosekani. Hawatakosekana kamwe."

"Najua, mama," alisema Mbaruku. Akakitoa kidole chake polepole kwenye ngumi ya mtoto, akageuka. "Nirudishe ndani, afande."